Ng'ombe Mmoja kwa Mashine Nane

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku njema. Nimeshinda mjadala.

Bunge la Keroka lilikaa saa nne nyuma ya kinyozi, kwenye mabenchi yetu manne, moja likiwa na miguu mitatu. Spika ni Mwalimu Mathew, mstaafu. Hoja ya leo: kampuni moja ya ng'ambo imepandisha bei ya mashine yake mpya ya gemu. Je, ingeishusha bei nusu, ingeuza mara tatu? Hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kuigusa mashine hiyo. Hilo halijawahi kutuzuia.

Sheria ya Mwalimu Mathew ni moja tu. Ukianza na "tuseme", hukatizwi mpaka ufike kwenye "basi". Kuleta ushahidi kabla ya hapo ni utovu wa nidhamu.

Mimi niliunga mkono. Nilisema hivi: tuseme mashine inauzwa kwa hasara. Watu wataikimbilia. Lakini mashine bila gemu ni sufuria bila unga. Gemu atauza nani? Yule yule aliyeuza mashine. Basi hasara ya mashine ni mbegu, na gemu ndiyo mavuno. Makofi! Kinyozi mwenyewe alitoka na wembe mkononi kunisikiliza.

Aliyepinga ni Ishmael. Nani mwingine? Ishmael ni fundi wa simu, duka lake linatazamana na kibanda changu cha gemu. Mimi nina mashine mbili za zamani, watoto wanalipa shilingi ishirini kwa mechi moja. Yeye hana hata moja, na bado anajiona. Akasema bei ikishuka kupita kiasi, wa kwanza kufika si mwenye haja, ni mwenye duka. Atazoa zote na wewe utabaki kushika kiuno. Hoja ya kijinga. Hakuna aliyempigia makofi isipokuwa Maureen wa saluni, ambaye hata si mbunge.

Kisha akaongeza, mbele ya watu wote, kwamba "tuseme" ni tamu kwa mtu asiye na kitu cha kuweka mezani. Walicheka. Nilirudi Gesima nikiwa nimechemka.

Nyumbani nilikaa kando ya zizi kutuliza moyo. Ndani yupo Bonasi. Mtamba mzuri, rangi ya kahawia na baka jeupe kwenye paji la uso. Mke wangu Kemuma alimnunua mwezi jana kwa bonasi yake ya majani chai, ile kiwanda hulipa mara moja kwa mwaka, ndiyo maana ya jina. Jumapili watu wa Marani, kwao Kemuma, wanakuja kumchukua. Ndiye ng'ombe wa mwisho wa mahari ya Kemuma, na baba mkwe wangu, mzee Ogoti, amesubiri miaka kumi na moja bila kuinua sauti.

Na hatakaa Marani. Jumanne inayofuata, shemeji yangu Fred atampeleka kwa kina Sheila, mchumba wake. Kwetu ndivyo mambo yalivyo: ng'ombe wa dada ndiye anayemwolea kaka. Fred amesubiri miaka miwili. Babake Sheila amesema Jumanne ikipita bila ng'ombe, basi, kuna mwanamume mwingine anauliza, na ana pikapu.

Sijui kwa nini naandika habari za ng'ombe hapa. Nimeandika tu.

Jumanne, 4 Novemba

Mungu hamtupi mja wake! Leo nimekutana na Walter.

Walter ni mfanyabiashara wa ng'ombe pale Keroka, lakini hubadilisha chochote kwa chochote. Jamaa mmoja wa Nairobi alifunga ukumbi wake wa gemu akamwachia Walter mashine nane, nzuri, zimetumika kidogo tu. Zimekaa ghalani mwake chini ya magunia ya chumvi ya mifugo. Walter hajui hata zinawashwa wapi. Anataka kuziondoa. Anataka ng'ombe.

Kichwa changu kilianza kufanya kazi chenyewe.

Tuseme nampa Walter Bonasi. Napata mashine nane, ambazo sokoni ni elfu nane kila moja. Nazitoa kwa elfu tano. Zitakimbiliwa! Tayari nina elfu arobaini. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani wanasumbua. Kila mwenye mashine atataka gemu, atataka padi za kuchezea, na nani anazo Keroka? Mimi, kreti mbili. Basi kufikia Ijumaa ninazo elfu themanini. Nampa Walter zake, Bonasi anarudi zizini, na kinachobaki ni changu na Kemuma. Zaidi changu.

Tulikubaliana wazi. Walter atamfuga Bonasi kwake hadi Jumamosi jioni. Nikimletea elfu sitini na nne, namchukua. Nisipoleta, alfajiri ya Jumapili anapanda lori na ng'ombe wengine kwenda machinjioni. Walter alisema neno hilo kama mtu anayetaja stendi. Mimi sikushtuka. Siku tano ni nyingi. Tukashikana mikono.

Nilimtoa Bonasi saa tano, Kemuma akiwa bado kwenye majani. Alinifuata kwa upole sana. Hilo halikunipendeza, lakini nililipita.

Jioni Kemuma alirudi kutoka kituo cha majani, akatazama zizi, akasimama.

"Baba Mokeira, ng'ombe ako wapi?"

Nikasema nimempeleka Keroka kwa dume. Kemuma akashusha kikapu polepole. Akanikumbusha kwamba Bonasi ana mimba ya miezi mitatu.

Nilikuwa nimesahau! Nikasema hapo hapo kwamba ndiyo, ndiyo, ndiyo sababu dume lenyewe ni la daktari wa mifugo, na daktari atapima mimba kwanza. Atarudi lini? Jumapili asubuhi, kabla ya wageni, akiwa amepumzika. Kemuma akaingia jikoni kusonga ugali wa wimbi. Hakusema neno tena mpaka tukalala.

Nadhani aliridhika.

Jumatano, 5 Novemba

ZIMEISHA! Zote nane! Kabla ya saa nane mchana!

Niliandika bango jana kwa mkono wangu: MASHINE ZA GEMU ELFU TANO TU, HASARA NI YANGU. Saa mbili asubuhi nikafungua kibanda. Saa mbili na dakika kumi akaja Maureen wa saluni. Akachukua mbili, akasema ni za wapwa zake. Sikujua ana wapwa. Akaja kijana mwenye kofia ya pikipiki, mbili. Akaja mama mmoja mwenye mwavuli, hata hakuuliza zinafanya nini, mbili. Kisha mzee ambaye alizishika kama anashika mbuzi, akapima uzito, mbili za mwisho. Wote walilipa taslimu, noti mpya mpya. Hakuna aliyeomba nipunguze. Huko Keroka! Hilo peke yake lingetosha kuandikwa.

Niliwauliza kila mmoja kama atataka gemu. Wote walisema watarudi kesho. Wote wakaelekea upande ule ule, ule wa duka la Ishmael. Nadhani ni kwa sababu huko kuna kivuli.

Nilifunga mapema nikaenda bungeni kutoa taarifa. Nikamwambia Ishmael mbele ya Spika: ulisema nini Jumatatu? Akasema nimemshinda, akanipongeza, akaninunulia chai na andazi. Nilikula andazi la adui yangu. Lilikuwa tamu. Mwalimu Mathew aliandika kwenye daftari lake kwamba hoja imethibitishwa.

Elfu arobaini nimeziweka kwenye mkebe wa kakao, mkebe nimeufukia ndani ya gunia la mahindi stoo. Zimebaki elfu ishirini na nne, ambazo ni gemu tu. Kemuma aliingia stoo kuchota mahindi nikiwa bado nimepiga magoti. Nikasema natafuta fukusi. Akasema "haya."

Akauliza tena kuhusu Jumapili, nikarudia. Akaniambia Fred amepiga simu, ameshanunua kamba mpya ya kumwongozea ng'ombe, ya rangi ya samawati. Sijui kwa nini ilibidi aniambie rangi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimefunguliwa macho na nisingependa yafunguliwe.

Saa tatu asubuhi hakuna mteja. Saa nne hakuna. Nikapanga gemu zangu upya, za mpira mbele, za magari nyuma. Saa tano nikasikia kelele ng'ambo ya barabara. Watoto! Foleni kutoka mlango wa Ishmael mpaka kwa muuza ndizi. Nikavuka kwenda kuona.

Zile nane. Zote nane! Zimepangwa ukutani kwa Ishmael, kila moja na televisheni yake, kila moja na watoto wawili mbele yake. Maureen ndiye alikuwa anakusanya shilingi ishirini ishirini mlangoni. Wapwa zake ni Ishmael!

Nikamwambia Ishmael huo si uungwana. Alikuwa mtulivu kupita kiasi. Akasema aliniambia Jumatatu, kwa sauti, mbele ya mabenchi manne, hatua kwa hatua. Hiyo ni kweli, lakini alisema kama hoja! Mtu akisema jambo bungeni nani anatarajia alifanye?

Basi nikatulia nikamkumbusha kwamba mashine bila gemu ni sufuria bila unga. Atakuja kwangu tu. Akafungua kompyuta yake ya kutengenezea simu, akanionyesha. Amejaza gemu humo, nyingi kuliko zangu, anazikopi kwenye mashine zote nane kwa dakika chache. Amepata wapi? Hakusema. Akasema tu kwamba sufuria nyingine zinakuja na unga wake.

Hata hivyo amenunua padi moja kwangu. Moja!

Watoto wangu wa kila siku wamehamia kwake wote. Kibandani kwangu alibaki paka.

Nimekaa nikihesabu vidole. Ijumaa na Jumamosi. Siku mbili nzima. Tuseme kila siku napata elfu kumi na mbili. Sijawahi kupata elfu kumi na mbili kwa mwezi, lakini tuseme.

Usingizi hauji vizuri. Namwona Bonasi akinifuata kwa upole.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango mpya, na ulikuwa mzuri. Nataka hilo lijulikane.

Mashindano! Kombe la Obadiah, kwa jina langu! Kila mchezaji analipa mia mbili, bingwa anachukua kreti mbili za gemu ambazo sasa hazina mnunuzi. Tuseme wanakuja mia moja na ishirini: basi elfu ishirini na nne kamili, na sijagharamika chochote. Nilipitisha habari tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwenye simu, kwenye nguzo, mpaka kwenye mlango wa kinyozi.

Asubuhi hiyo hiyo Kemuma alivaa gamubuti na leso yake nzuri, akasema anakwenda Keroka kununua sukari. Nilimpita njiani kwa pikipiki nikampungia mkono. Hakupunga. Sikuwa na nafasi ya kuwaza hayo.

Walikuja tisa. Tisa! Nikawaambia wengine wako njiani, tuanze. Mechi ya pili haijaisha, mvua ya mawe ikaanguka. Mabati yalipiga kelele mpaka hatukusikiana. Kisha stima ikapotea Keroka nzima. Wale tisa wakadai mia mbili zao. Nikasema tungoje. Wakangoja saa moja wakila karanga zangu, kisha wakadai tena, na mmoja wao ni mtoto wa askari. Nikarudisha.

Ng'ambo, Ishmael akawasha jenereta.

Nilisimama mlangoni nikitazama mawe yakiyeyuka, nikajipa moyo kwamba bado kesho, Jumamosi, siku nzima, mpaka jioni. Halafu nikakumbuka.

Sabato!

Mimi ni Msabato tangu kuzaliwa. Kemuma ni shemasi. Walter ni Msabato, anaimba besi. Nusu ya Keroka ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa hatuuzi, hatununui, hata kiberiti. Nilihesabu siku tano kama Mkatoliki! Ishmael ni Mkatoliki, yeye ana Jumamosi nzima. Mimi nilikuwa na siku nne tu tangu mwanzo, na ya nne ilikuwa inazama nyuma ya kilima nikiwa nimeisimamia.

Nilimpigia Walter simu. Imezimwa. Walter huzima simu saa kumi na moja Ijumaa, hujitayarisha mapema kuliko watu wengine.

Nyumbani Kemuma alikuwa ameshapika, ameshafagia, amepanga viatu vya kanisani mlangoni. Sukari haikuwepo. Nilimuuliza, akasema hakupata. Keroka ikose sukari? Lakini mimi nani wa kuuliza maswali wiki hii.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nyuma ya kanisa baada ya chakula. Kuandika si kazi, ni kutafakari.

Somo la leo lilikuwa Yoshua kusimamisha jua. Nilimsikiliza mhubiri kuliko siku zote. Nikaomba. Bwana, tuseme leo ungelizuia jua lisitue, Walter asingeweza kusema jioni imefika, basi mkataba wetu ungebaki palepale. Nilimaliza na "basi" ili nisikatizwe. Nikafumbua macho, Kemuma alikuwa ananitazama kutoka benchi la mashemasi.

Jua linakwenda vizuri tu. Naliona kutoka hapa. Halina haraka wala halina shida.

Mipango niliyonayo. Kwanza, jua likitua nachukua elfu arobaini kwenye mkebe, nakimbia kwa Walter, namwomba anipe wiki moja. Pili, akikataa, namwomba anipe nusu ya ng'ombe. Hili la pili nimelifuta.

Nimemwona Mokeira, binti yetu, akicheza na wenzake kwenye nyasi. Amewaambia wote kwamba kesho babu anakuja kumchukua Bonasi na kutakuwa na soda. Ana miaka tisa na anajua ratiba kuliko mimi.

Kama Fred atakosa huyu msichana itakuwa ni mimi. Nimeliandika na sitalifuta.

Jumapili, 9 Novemba, asubuhi

Mambo yote yameharibika. Naandika upesi.

Jana jua lilipotua tu niliingia stoo, nikachimba mahindi, nikatoa mkebe. Mwepesi. Nikafungua. Mtupu! Nikamwaga gunia lote sakafuni. Fukusi, ndiyo, walikuwepo. Pesa hakuna.

Nikapanda pikipiki mpaka Keroka nikiwa na shati la kanisani. Walter alikuwa mlangoni anakula mahindi mabichi ya kuchoma, ametulia. Nikaanza kumsihi kabla sijashuka vizuri. Akaniacha niseme yote, hata ya mtoto na soda. Kisha akasema, "Obadiah, huyo ng'ombe ameshaondoka tangu jana."

Jana! Nikamwambia tulikubaliana Jumamosi. Akasema hana la kuongeza, akanikaribisha hindi.

Nikarudi kupitia kibandani kwangu angalau nichukue zile mashine mbili za zamani. Kufuli si langu! Kufuli kubwa jipya la shaba. Na juu ya mlango, bango langu limeondolewa. Sasa ninaelewa kila kitu. Ishmael ameniibia mkebe, ameniibia kibanda. Kwa nini asimalizie na shati?

Nililia njiani. Mwenye pikipiki alidhani nimefiwa, akapunguza mwendo.

Sasa ni saa tatu. Kemuma anachemsha chai kwenye sufuria kubwa, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Amenikataza kwenda nyuma ya nyumba, amesema amepiga deki. Tangu lini mtu anapiga deki ua? Mimi hata sikutaka kwenda huko, siwezi kulitazama zizi. Nimeandaa maneno ya kuwaambia wazee. Nimejaribu kusema ameumwa, nimejaribu kusema ameibiwa. Yote mawili Kemuma atajua.

Wanapanda mlima. Naiona kofia ya mzee Ogoti.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walikuja wanne: mzee Ogoti, wazee wawili wa ukoo wake na Fred. Fred alikuwa na suti na ile kamba ya samawati mkononi. Niliwasalimia nikiangalia viatu vyao, kama inavyompasa mkwe, na nilishukuru mila kwa mara ya kwanza maishani.

Niliwasihi wale kwanza. Niliwasihi sana. Chai, kuku, wimbi, mboga ya chinsaga iliyotiwa maziwa, kila kitu kiko tayari. Wazee wakakataa kwa heshima. Kwao mtu hali kabla mwenye nyumba hajamkabidhi ng'ombe kwa maneno.

Basi nikasimama katikati ya sebule. Nikasema, "Wazee wangu, tuseme kulikuwa na ng'ombe..."

Hawakunikatiza. Walingoja "basi". Nikasema tuseme ng'ombe huyo alikuwa mzuri, tuseme mwenye nyumba alikuwa na nia njema, tuseme nia njema ingekuwa inahesabiwa... Kila nilipofika mahali pa "basi" nikaongeza "tuseme" nyingine. Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. Hakunisaidia. Mzee Ogoti mwishowe akainua mkono kidogo, mpole kama kawaida yake.

"Mwanangu, ng'ombe ako. Tumepitia nyuma tukamwona kwa zizi. Ni mzuri. Sasa keti."

Nikaketi. Sikuketi kwenye kiti, lakini niliketi.

Bonasi alikuwa zizini! Baka lake jeupe, mimba yake, mate yake, kila kitu. Wazee walimzunguka, wakamshika mgongo, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Fred alimfunga ile kamba ya samawati. Kisha akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Shemeji, Mungu akubariki. Sitasahau hili." Machozi yalikuwa yanamlenga. Nilitamani ardhi inifunike. Nikamwambia asijali.

Walipoondoka, nami bado nikimtazama Bonasi akishuka mteremko, akimfuata Fred kwa upole ule ule, Kemuma alikusanya vikombe na kuniambia yote bila kuinua sauti. Jumanne jioni alijua namdanganya, na Keroka ng'ombe haendi kwingine ila kwa Walter. Jumatano aliona mkebe. Ijumaa alizibeba zile elfu arobaini mpaka kwa Walter, akamwambia ng'ombe huyo si wa Obadiah, ni wa majani yake mwenyewe, na ameshatajwa Marani; mwanakwaya wa besi aseme kama atampakia lorini. Walter akakubali kumrudisha, ila kwa bei yake kamili. Zilipungua elfu ishirini na nne. Kemuma akavuka barabara, mimi nikiwa nimezama kwenye Kombe langu, akamuuzia Ishmael kibanda na mashine mbili kwa elfu ishirini na nne hizo hizo. Bonasi akalala siku mbili kwa jirani yetu Osoro, chini ya kilima, na alfajiri akapitishwa ndani ya majani chai.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Ijumaa ile ile. Akasema alitaka niione Jumamosi yote, mpaka mwisho wake.

Kisha akaweka vikombe chini. Akanitazama usoni, na nilivyomwona nikajua hakuwa na hasira. Kilikuwa ni kitu kibaya zaidi, alikuwa amechoka.

"Tuseme nisingeenda Keroka Ijumaa," akasema. "Fred amesimama hapa na kamba yake. Ungemwambia nini?"

Nikamjibu kwamba hilo halikutokea, na mtu mwenye akili habishani kuhusu jambo ambalo halikutokea.

Kemuma akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka nikiwa na amani. Mambo yote yameisha vizuri, kama nilivyopanga: Bonasi alirudi Jumapili asubuhi kabla ya wageni, akiwa amepumzika. Hayo ndiyo maneno yangu ya Jumanne, yako hapa juu, mtu anaweza kusoma.

Kibanda sina, kwa hiyo nilifika bungeni mapema. Ishmael hakuja, ana kazi nyingi. Mwalimu Mathew akauliza kama nina hoja. Ninayo!

Nimewaeleza kosa lilikuwa wapi. Si bei. Bei ilikuwa sawa kabisa. Kosa ni idadi. Mashine nane mtu mmoja anaweza kuzizoa. Tuseme zingekuwa kumi na sita. Ishmael angetoa wapi elfu themanini? Angenunua nane akaishiwa, nane zingefika kwa wenye haja, nao wangekuja kwangu kutafuta gemu. Basi nilichokosa si akili, ni ng'ombe wa pili.

Makofi! Yule kinyozi alitoka tena. Mwalimu Mathew ameandika kwenye daftari.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikapitia njia ya chini, kwa Osoro. Osoro ana ng'ombe wawili. Nilimsalimia kwa heshima kuliko siku zote, nikamuuliza hali ya watoto.